Ukurasa Mweupe Usiku wa Msiba

Kwenye podikasti wiki hii tumeongelea sisi ambao familia nzima inatupigia simu printa ikigoma. Nami nina langu.

Ijumaa, saa tano usiku, niko kwenye basi narudi nyumbani Reading kutoka kazini. Simu inaita. Mama mkubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ile tovuti imekuwa nyeupe. Ina mstari mmoja tu wa Kiingereza."

Wazee wetu wana chama cha kuzikana, na chama kina tovuti ya WordPress. Mtu akifiwa, ndiko kunakowekwa saa ya mazishi, ramani ya makaburi na akaunti ya michango. Na siku ile tulikuwa na msiba, mazishi kesho yake asubuhi. Watu walikuwa wanatoka Leeds, wengine Cardiff.

Kosa lilikuwa langu. Mchana, wakati wa mapumziko, nilisasisha plagini ya kalenda kwa simu, nikairudisha simu mfukoni bila hata kufungua tovuti nione. WordPress ni programu huria, mtu yeyote anaweza kuiandikia plagini, na ndiyo raha yake. Ila plagini moja ikikosea, PHP inakwama katikati na tovuti nzima inaanguka.

Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, kosa kama hili likitokea WordPress humtumia msimamizi barua pepe yenye kiungo cha kuingilia kwa dharura. Nikangoja, haikuja. Ilikwenda kwa binamu aliyeijenga tovuti miaka hiyo, kwenye anwani ambayo hata yeye kasahau nenosiri lake. Jamani, nendeni kwenye mipangilio leo mwangalie anwani iliyopo ni ya nani.

Nikaingia kwenye akaunti ya kampuni inayotuhifadhia tovuti. Kuna kitufe pale cha kusakinisha WordPress upya. Kidole changu kilikuwa juu yake, wallahi. Nikajiambia, bakapu si ninayo?

Sikubonyeza, kwa sababu ya woga tu. Nikafungua faili, nikaingia folda ya wp-content, ile ya ndani iitwayo plugins nikaibadilisha jina: plugins-zamani. WordPress ikizitafuta plagini na kuzikosa, inaendelea bila hizo. Nikafungua tovuti, ikaja. Kalenda hamna, lakini saa ya mazishi ipo, ramani ipo. Kisha nikafungua ukurasa wa plagini kwenye dashibodi, zote zikazimwa, nikairudishia folda jina lake, nikaziwasha moja moja. Ya kalenda nikaiacha imelala.

Kilichoninyima usingizi ni ile bakapu. Niliifungua saa nane usiku nikakuta folda ya uploads, yaani picha tu. Maandishi ya WordPress hayakai kwenye faili, yanakaa kwenye hifadhidata: kurasa kwenye jedwali la wp_posts, maoni kwenye wp_comments. Sasa, chini ya ukurasa wa kila marehemu wetu watu wameandika rambirambi. Kwenye wa babu kuna rafiki yake amesimulia walivyokuwa wakivua pamoja Tanga, na huyo rafiki naye tumeshamzika. Hayo yote ni maoni, na mimi sikuwa na nakala ya hata moja. Ningebonyeza kile kitufe, labda ningebaki na picha ya babu anatabasamu bila neno chini yake.

Nikapakua hifadhidata yote usiku uleule, nakala moja kwenye kompyuta, nyingine kwenye flashi. Siku hizi naipakua kila mwezi, na kila ninapotaka kugusa plagini.

Saa kumi na mbili asubuhi mama mkubwa akapiga tena. Nikadhani anashukuru.

"Mbona hujaandika namba ya basi la kwenda makaburini?"