Digrii mbili kwa mpigo: huo mwaka wa tano ni wa nani?

Najua nimepotea karibu wiki tatu, testi zilinibana mpaka basi. Leo nina jambo la nyumbani limeninyima usingizi, na kwa kuwa wengi wenu mna wadogo zenu wanaotoka kidato cha sita, nimeona nilimwage hapa.

Mdogo wangu kamaliza PCM na kafaulu vizuri tu. Mjomba wetu anaishi Australia, kakubali kumpa chumba. Ada atalipa mzee kwa kuuza kipande cha shamba. Sasa dogo kaja na machaguo mawili: asome uhandisi peke yake miaka 4, au asome uhandisi pamoja na biashara miaka 5, atoke na digrii mbili. Mjomba anasema achukue mbili, "akikosa huku atapata kule". Mzee akanigeukia mimi: "Wewe ndiye uliyeko chuo, hebu tuambie."

Mimi ni mwalimu mtarajiwa wa hesabu, hata nondo siijui vizuri. Lakini hesabu naijua, basi nikaanzia hapo.

Chukueni chuo kikuu cha Sydney au Monash. Mzigo wa kawaida ni kozi 8 kwa mwaka. Uhandisi peke yake ni kozi 32, biashara peke yake ni miaka 3, yaani kozi 24. Jumla 56. Ukizisoma pamoja unamaliza kwa kozi 40. Hizo 16 zimekwenda wapi? Hakuna uchawi. Kila digrii ina nafasi za kozi za hiari. Ukiunganisha, nafasi za hiari za uhandisi zinajazwa na biashara, na za biashara zinajazwa na uhandisi. Kwa hiyo siyo utapeli, ila pia siyo ya bure. Unalipa kwa uhuru wako. Yule ambaye angetumia nafasi zile kuongeza mambo ya maji au ya umeme, anazikuta tayari zimejaa uhasibu na masoko.

Halafu kuna suala la nani analipa. Mtoto wa kule, raia wa Australia, tangu 1989 ana utaratibu wa serikali wa kusoma kwanza na kulipa baadaye kupitia kodi, pale kipato chake kikifikia kiwango fulani. Kwake mwaka wa tano ni deni la mbali. Mwanafunzi wa kigeni hayumo kwenye utaratibu huo. Analipa taslimu, kila mwaka, na kula juu yake. Ushauri wa mjomba ni mzuri sana kwa watoto wa majirani zake. Kwetu sisi mwaka wa tano ni kipande kingine cha shamba, na kipande hicho ndicho ada ya mdogo wetu wa kike aliyeko kidato cha tatu. Hakuna aliyelisema hilo pale sebuleni. Nililisema mimi, na dogo akaninunia.

Akanijibu jibu la kunimaliza: "Mbona wewe unasoma viwili?"

Kweli bwana. Sisi wa ualimu tunaishi nyumba mbili. Asubuhi uko kwa watu wa hesabu, mchana uko kwa watu wa elimu ukisoma saikolojia na mbinu za kufundishia. Mwaka wa kwanza vipindi viwili viligongana muhula mzima, nikawa nahudhuria kimoja na kudesa kingine, nikaishia na sapu. Kila upande ulikuwa unaniona mgeni wa upande wa pili. Kwa hiyo siongei kwa kusikia.

Lakini lile swali lilinifanya nifikiri usiku kucha, nikapata jibu. Mwalimu anahitaji vitu vyote viwili siku ile ile, kipindi kile kile. Huwezi kuingia darasani na hesabu leo halafu mbinu za kufundisha zikufuate baada ya miaka kumi. Watoto watakuwa wameshaharibika. Ndiyo maana tunavisoma pamoja, na sapu yangu siijutii.

Je, mhandisi kijana naye yuko hivyo? Hapa kwetu, ukimaliza digrii huwi mhandisi kamili siku hiyo. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inataka angalau miaka 3 ya kazi chini ya usimamizi kabla ya kukusajili kama mhandisi mtaalamu. Miaka hiyo uko saiti, unasoma michoro, unapima, unakagua zege, unaulizwa maswali na wakubwa zako. Mambo ya mtaji, faida na hasara za kampuni yanakuja baadaye, ukishaanza kupewa watu na bajeti. Yaani biashara utakayoisoma leo utaanza kuitumia kwa dhati ikiwa imeshapata kutu.

Na lile la "akikosa huku atapata kule" nalo lina tundu. Anayetafuta mhasibu anatafuta mtu mwenye CPA, na kwetu hiyo inatolewa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, kwa mitihani yake. Kila fani ina foleni yake. Digrii mbili hazikuwezeshi kusimama kwenye foleni mbili kwa wakati mmoja.

Jambo la mwisho, na kwangu ndilo zito: mlango huu unafunguka upande mmoja. Mhandisi akitaka biashara baadaye, njia ipo. Mlimani kuna MBA ya jioni, unakwenda baada ya kazi, kwa hela yako mwenyewe. Lakini mtu wa biashara akitaka uhandisi akiwa na miaka thelathini, inabidi arudi mwaka wa kwanza kabisa. Kwa hiyo shika kwanza kile kisichoweza kusubiri.

Sasa nisiwe mbishi. Wapo ambao mbili kwa pamoja zinawafaa kabisa. Kama kazi unayoitaka iko katikati tangu siku ya kwanza, kwa mfano kupima kama mradi wa umeme utarudisha fedha zake, soma zote. Kama kwenu kuna karakana na wewe ndiye utakayeikabidhiwa, soma zote. Ukipenda majengo na hesabu za fedha kwa pamoja, ipo fani nzima ya ukadiriaji majenzi, pale Chuo Kikuu Ardhi wanaifundisha, na ni digrii moja. Na kama analipa mtu mwingine ambaye hana mtoto wa pili wa kusomesha, haya, sina neno.

Ila kusoma mbili kwa sababu unaogopa kuchagua, hapo nakataa. Uoga wa miaka 5 haupungui ukipewa vyeti viwili.

Nimemwambia mzee: uhandisi, miaka 4. Kakaa kimya, kisha akauliza kama dogo atakuja kunilaumu. Nikamwambia huenda. Fomu inatumwa Ijumaa na dogo bado hajaongea na mimi, ila jana usiku alinitumia meseji moja tu: "Hiyo MBA ya jioni wanachukua watu wenye GPA ngapi?"

Nikacheka peke yangu chumbani mpaka rumeti akaamka.

Naomba kuwasilisha.