Kunenepa na kukonda: homoni nazo ziko na neno lao

Mtu anapunguza bugali, anaacha mandazi ya asubuhi, kilo 5 zinaenda. Miezi kisha, zimerudi zote. Mu kartie wanasema hana roho ngumu. Lakini sayansi inaonyesha jambo lingine.

Njaa inaongozwa na homoni, ni kusema wajumbe wanaotembea mu damu. Grelini inatoka ku tumbo, inaambia ubongo: tafuta chakula. Leptini, iliyovumbuliwa mwaka 1994, inatoka mu mafuta ya mwili, inasema: akiba iko. Mtu akikonda, leptini inashuka, grelini inapanda. Mwili unafikiri njaa kali imeingia, unaanza kulinda akiba yake.

Mwaka 2011, watafiti wa Melbourne, Australia, walitoa matokeo yao juu ya watu 50 waliopewa chakula kidogo sana muda wa majuma 10. Walipoteza kilo 13,5 kwa wastani. Mwaka mzima kisha, homoni zao zilikuwa zingali zinadai chakula.

Mu Kongo, hatari inatoka pia upande mwingine: wale wanaotafuta kunenepa. Wanameza deksametazoni, mara nyingi pamoja na siproheptadini, bila karatasi ya munganga. Siproheptadini ni dawa ya alerji, inaongeza hamu ya kula. Deksametazoni inaiga kortizoli, homoni ambayo mwili wenyewe unatengeneza. Uso unajaa, watu wanasifu. Lakini ndani, sukari na tansio vinapanda, mifupa inakosa nguvu, magonjwa yanapata njia.

Na kuacha si kazi rahisi. Tezi zilizo juu ya figo zikiona kortizoli ya famasi imejaa, zinapunguza kazi yao. Mtu aliyemeza majuma mengi akikatisha siku moja, mwili unabaki bila homoni hiyo: anaregea, anatapika, tansio inaanguka. Anaweza hata kufa.

Kwa hiyo, anayezimeza tayari asiache ghafula. Aende ku kituo cha afya na pakiti mkononi, munganga amupunguzie pole pole. Na yule anayepigana na kilo, asihesabiwe kuwa muvivu. Kutembea, kulala usingizi wa kutosha na kupunguza chakula kidogo kidogo vinasaidia kuliko kujifunga njaa, maana homoni hazisahau mbio.