Begi la kuburuta: angalia tairi kwanza, maua baadaye

Kuna mama mmoja wa Mbagala mgongo unamsumbua, binti yake akamnunulia begi la kuburuta la kwendea sokoni. Pinki, lina maua, zuri balaa! Siku ya kwanza tu, viazi, vitunguu, nazi tatu na mafuta ya kupikia, kufika kwenye mchanga tairi moja likachomoka. Mama wa watu akarudi nalo kichwani.

Ukweli ni kwamba wadada wengi wananunua haya mabegi kwa macho. Vile vitairi vya plastiki ni vya kwenye vigae vya supamaketi, siyo uswahilini. Tairi liwe kubwa, la mpira. Halafu uvute mkono wake. Ukiwa mfupi unainama njia nzima, mgongo ule ule. Na ulinyanyue likiwa tupu, maana kuna kupanda daladala na konda hakusubiri mtu.

Wanaocheka eti "mama unasafiri?" waache wacheke. Wao mifuko yao inachanika njiani, nyanya zinabiringika hadi mtaroni.

Binti kalipeleka begi kwa fundi baiskeli, likafungwa matairi ya kigari cha mtoto. Maua bado yapo.