Santuri Moja, Bendi Mbili

Miongoni mwa barua zilizotufikia juma hili imo moja ya mama ambaye, kwa ombi lake, hatutamtaja jina. Mwanawe amerejea kutoka Tokyo alikosomea uhandisi kwa miaka mitatu, na sandukuni mwake mlikuwa na santuri ndogo aliyoiviringishia nguo kama yai. Jioni moja aliwaomba wazazi wake waketi waisikilize. Upande wa kwanza magitaa yalinguruma hata baba akainuka kuitazama sindano, akidhani imeharibika. Alipoigeuza santuri wakasikia sauti za watu wengine kabisa, na ngurumo ile ile. Baba akaizima mashine akasema, "Mwanangu, umeuziwa kitu kibovu." Kijana akairudisha santuri sandukuni, na tangu siku hiyo hana mazungumzo. Mama anauliza: je, mwanangu alipunjwa?

La, mama, hakupunjwa. Nakuomba umsomee na baba maneno haya.

Sisi wa rika lake tulilelewa na santuri za rumba, zile ndogo zizungukazo mara 45 kwa dakika, ambazo kampuni ya RCA Victor ya Marekani ilizitoa kwanza mwaka 1949. Upande mmoja hauchukui zaidi ya dakika chache, hivyo wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: huku waimbaji walisimulia kisa chao, kule magitaa yakawainua watu kucheza. Ndiyo maana mzee akigeuza santuri hungoja kumaliziwa alichoanza kusikia.

Santuri ya kijana ni ya ubia. Bendi mbili zimegawana sahani moja: hawa wamepewa upande huu, wale upande wa pili, na pengine hata jalada lina sura mbili, kila bendi na yake. Sababu ni ya kinyumbani, na kila mama wa nyumba ataielewa. Kutengeneza santuri kuna gharama zisizopungua hata ukitaka chache: kuchonga sahani ya mfano, kutayarisha vyuma vya kukandamizia, kuchapa majalada. Bendi moja changa haiziwezi. Mbili zikichanga, zinaweza. Kisha kila moja huuza fungu lake kwa wapenzi wake, na anayenunua kwa ajili ya hawa hujikuta amewajua na wale.

Tena wanamuziki hawa si matajiri. Katika Tokyo hupigia kumbi ndogo, nyingi zikiwa chini ya ardhi, katika mitaa kama Koenji na Shinjuku. Katika nyingi ya kumbi hizo iko desturi iitwayo noruma: bendi hupangiwa idadi ya tikiti za kuuza, na zisipokwisha, wapigaji hutoa wenyewe fedha zilizopungua. Mtu aweza kupiga usiku kucha, kisha akalipa badala ya kulipwa. Kwa watu wa namna hiyo, nusu ya santuri si jambo dogo.

Ama kuhusu kelele, baba asiilaumu sindano. Muziki huu huitwa panki ya gereji, kwa kukumbuka vijana wa Marekani wa miaka ya 1960 waliofanyia mazoezi katika gereji za wazazi wao. Huko Japani nyumba zimebanana, hivyo vijana hukodi vyumba vya mazoezi kwa saa. Lakini jina limebaki. Mapenzi ya gitaa la umeme yalivuma huko baada ya ziara za The Ventures wa Marekani, hasa mwaka 1965. Mwaka uliofuata The Beatles walipiga katika ukumbi wa Budokan, Tokyo. Miaka ishirini baadaye walitokea vijana walioona kwamba muziki umesafishwa mno. Wanawake wa The 5.6.7.8's walianza mwaka 1986, Guitar Wolf mwaka 1987. Hawa wa pili hukoroga sauti kwa makusudi: santuri yao Jet Generation ya mwaka 1999 ilitoka na onyo kwa mnunuzi kwamba huenda ikadhuru mashine yake! Kwa hiyo, mama, hofu ya baba si ya kuchekwa.

Wala njia yao haikuwa bure. Santuri kubwa ya kwanza ya Guitar Wolf ilitolewa mwaka 1993 na shirika dogo la Goner la Memphis, Marekani. Nao The 5.6.7.8's walionekana mwaka 2003 katika filamu ya Kill Bill, baada ya mtengenezaji wake, Quentin Tarantino, kuwasikia kwa bahati dukani Tokyo.

Sasa neno la utunzaji. Santuri ishikwe ukingoni, vidole visiguse mifereji. Vumbi lifutwe kwa kitambaa laini kikavu, kwa kufuata mzunguko. Maji ya moto ni marufuku, na dirishani penye jua pia, kwani itajikunja kama chapati. Isimamishwe wima, isilazwe chini ya nyingine. Tundu likiwa pana kuliko kile kijiti cha katikati ya mashine, tafuteni kile kizibo cha plastiki cha kulijaza. Bila hicho itayumba, na hata rumba ya baba ingelia vibaya.

Nimalizie na lililo kubwa. Kijana hakuwaomba wazazi wake waupende muziki huo, aliwaomba waketi. Miaka mitatu ameishi mbali, miongoni mwa watu ambao lugha yao hamwijui, na alichokichagua kuwaletea nyumbani ni hicho. Huenda aliinunua mkononi mwa wapigaji wenyewe, usiku ambao alikuwa mgeni na mtu akamkaribisha. Mimi sijui, yeye anajua. Mama, mwambie baba aiwashe mashine tena, apunguze sauti kama masikio yanamwuma, asikilize pande zote mbili hadi mwisho. Kisha amwulize mwanawe swali moja tu: siku ulipoinunua, ulikuwa na nani? Halafu anyamaze, amwache aseme.