Ziwa Kivu haliwezi kuwa na sheria mbili, moja ya mtalii na nyingine ya mkaaji

Kila mara vita inapotulia kidogo upande wa Kivu, mazungumzo ya utalii wa visiwani yanarudi. Picha za Tchegera zinatoka simu moja kwenda nyingine: mahema karibu na mchanga mweusi, maji ya bluu, mgeni amekaa ndani ya mtumbwi mdogo wa plastiki, kasia mkononi, na nyuma yake mbingu ya Nyiragongo imekuwa nyekundu. Mgeni huyo amevaa koti la kuelea, lile ambalo watu wa bandari wanaliita jile. Hakuna anayeshangaa. Mtu yeyote anayepokea watalii angeona haya kumwingiza mgeni majini bila jile.

Msikilizaji atoke kwenye picha hiyo, aende bandari ya Kituku, hapo hapo Goma, saa mashua inapopakia. Kuna mama na mabeseni yake ya sambaza, kuna magunia ya muhogo na makaa, kuna magodoro ya familia inayohama kwa mara ya tatu, kuna watoto wamefungwa mgongoni kwa kitenge. Jile ziko wapi? Mara nyingi hazitoshi. Pengine zimefungwa kamba pamoja mahali abiria hafiki kwa haraka. Maji ni yale yale ambayo mgeni wa Tchegera anapigia kasia.

Hilo ndilo jambo la kusemwa kabla ya mtu yeyote kuchora ramani ya hoteli kwenye visiwa vya Kivu. Visiwa hivi ni vizuri na vinafaa kupokea wageni. Lakini kazi ya kwanza ya utalii wa ziwani ni kumvusha mkaaji salama. Asipovuka salama yeye, mahema na mitumbwi ya plastiki ni mapambo tu.

Uzuri wenyewe si wa kubishia. Ziwa Kivu liko juu, karibu metre 1,460 kutoka usawa wa bahari, na halina mamba wala kiboko wa kuogopesha watu. Mtoto wa Minova anajifunza kuogelea bila kutazama nyuma. Tchegera ni kipande kilichobaki cha mdomo wa volkeno, kimepinda kama mwezi mchanga, na kiko ndani ya mbuga ya Virunga, ile iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuandikwa na UNESCO kati ya urithi wa dunia mwaka 1979. Wageni walikuwa wanalala pale, asubuhi wanapiga kasia, wanaogelea, wanatazama ndege wa kuvua samaki wakijitupa majini kama jiwe. Fisi maji naye yuko katika ziwa hili. Wavuvi wanamjua kwa sababu anawaibia, wazungu wanamjua kwa sababu wanamtafuta na kamera. Upande wa Rwanda, karibu na Karongi, kuna kisiwa ambacho watalii wanapelekwa kuona popo kwa maelfu wakiruka kutoka kwenye miti.

Na Idjwi? Kisiwa hicho ni cha pili kwa ukubwa kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika, baada ya Ukerewe ya Tanzania. Ni teritware nzima, yenye usultani wa Rubenga kaskazini na wa Ntambuka kusini, yenye nanasi, kahawa, na vilima ambavyo mtu anaweza kutembea siku nzima. Jioni wavuvi wa sambaza wanatoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, miti mirefu imetokeza mbele na nyuma kama pembe, wanaimba ili makasia yaende sawa. Usiku taa zao zinajaa ziwani hadi mtu angefikiri kuna mji umeelea. Watalii wanalipa pesa nyingi kuona vitu vidogo kuliko hivyo. (Na sambaza yenyewe ni mgeni hapa: ililetwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo nani angesema si yetu?)

Wanaotetea utalii wana hoja moja ambayo wanairudia kila mkutano: wageni wakija, pesa itakuja, na pesa ikija, bandari na mashua zitatengenezwa. Hoja hiyo inaonekana nzuri. Lakini haijathibitika, hata pale ambapo utalii ni mkubwa kuliko ndoto zetu.

Tuchukue Zanzibar, ambako watu wenye uwezo wa Goma, Bukavu na Lubumbashi wanapenda kwenda kupumzika. Huko ni bahari kweli kweli. Kizimkazi watalii wanapelekwa kuona pomboo, wakati mwingine mashua nyingi zinamzunguka mnyama mmoja hadi anakosa pa kupumua. Mbele zaidi kusini, Mafia, wanaogelea pembeni ya papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye hana shida na mtu. Utalii wa Zanzibar una miaka mingi na hoteli zimejaa pwani. Hata hivyo, usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, meli Spice Islander ilizama njiani kutoka Unguja kwenda Pemba, imebeba watu kupita kiasi. Hesabu ya kwanza ilikuwa zaidi ya 200 waliokufa, na uchunguzi wa baadaye ukataja idadi kubwa kupita hiyo mara kadhaa. Walio wengi walikuwa watu wa visiwani wenyewe, wakirudi nyumbani. Mwaka uliofuata, Julai 2012, meli nyingine, Skagit, ikazama. Pesa ya watalii ilikuwepo miaka yote hiyo, na haikuzuia mtu wa Pemba kupanda meli iliyojaa.

Kwa hiyo usalama wa mkaaji hauji wenyewe nyuma ya mtalii kama mkia. Lazima mtu auweke kuwa sharti.

Hapa kwetu mifano haihitaji kutafutwa mbali. Aprili 2019 watu wengi walipotea katika Ziwa Kivu, upande wa Kalehe, na Rais Félix Tshisekedi akaagiza kwamba kila abiria wa majini awe na kifaa cha kuelea. Miaka mitano baadaye, tarehe 3 Oktoba 2024, mashua Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku, watu wa bandari wakitazama kwa macho yao. Ilikuwa imebeba kupita kiasi. Hesabu za waliokufa zilitofautiana kati ya kiongozi mmoja na mwingine, jambo ambalo linaonyesha kwamba orodha ya abiria haikuwepo au haikuwa ya kweli. Familia nyingi zilitafuta ndugu zao bila kujua kama walipanda au hawakupanda.

Na kwa nini mashua ilijaa hivyo? Kwa sababu njia ya gari kati ya Goma na Minova ilikuwa imefungwa na vita. Mfanyabiashara aliyekuwa anapita Sake na gari, mwanafunzi, mgonjwa, familia iliyokimbia na vyombo vyake, wote walisukumwa ziwani siku moja. Vita ikikata barabara, ziwa linakuwa barabara. Kulisimamia kama mahali pa matembezi ya Jumapili ni kukataa kuona kinachoendelea.

Kuna watu watakaosema: acheni hadithi za utalii, watu wamelala chini. Wana haki ya kukasirika. Ufuko wa Bulengo, ambao hauko mbali na Tchegera, ulikuwa na maelfu ya familia zilizohama. Mtu akikaa pale na bidoni yake ya kuchota maji aliweza kutazama ziwa lile lile linalotangazwa kwa wageni, na kujua kwamba maji hayo hayo yanaweza kumpa mtoto wake kipindupindu. Mwanzo wa 2025 kambi za kuzunguka Goma zilibomolewa na watu wakaambiwa warudi makwao, wengine makwao pameungua. Kumwambia mtu huyo habari za kupiga kasia kwa starehe ni kama kumwonyesha mwenye njaa picha ya nyama.

Lakini kunyamaza ni hatari zaidi. Wageni waliondoka na wakarudi mara nyingi. Baada ya vita ya 2012 na 2013 walirudi. Mei 2018 waingereza wawili walitekwa ndani ya Virunga, na mlinzi wa mbuga Rachel Masika Baraka akauawa akiwalinda. Mbuga ikafunga, na mwaka 2019 ikafungua tena. Watarudi siku nyingine pia. Siku hiyo, ambaye hakuwa mezani atakuta ufuko wake umezungushiwa uzio. Waliohama ndio wa kwanza kusahaulika, kwa sababu hawako kwenye shamba lao wakati mwekezaji anapokuja kuuliza shamba ni la nani. Batwa wa Kahuzi wanajua habari hiyo vizuri: katika miaka ya 1970 walitolewa msituni ili gorila na wageni wapate nafasi, na hadi leo wajukuu wao wanadai. Hakuna mtu wa Idjwi anayetaka kuanza safari ya miaka 50 ya kudai ufuko.

Na mfano mzuri upo, tena hapo hapo Zanzibar. Kisiwa kidogo cha Chumbe kililindwa tangu 1994 pamoja na matumbawe yake. Wavuvi wa zamani walifundishwa kuwa walinzi, na watoto wa shule wanapelekwa kuogelea na kutazama samaki, wakiwa na vifaa vya kuelea, bila kulipishwa kama watalii. Watoto wa kisiwa wanajifunza maji yao. Hilo linawezekana Kivu. Mtoto wa Kalehe anayejua kuogelea, anayejua kuvaa jile, anayejua kwamba kuna mahali pa gesi pa kukaa mbali napo, ana faida kuliko bango lolote la utalii.

Gesi nayo haitajwi kwenye picha. Chini ya ziwa kuna gesi nyingi, methane na kaboni, na katika ghuba ya Kabuno kaboni iko karibu na juu kuliko sehemu nyingine. Nchi kavu karibu na Goma na Sake kuna mazuku, mabonde ambamo hewa mbaya inajikusanya na kuua mbuzi na watu bila harufu. Wenyeji wanayajua mabonde hayo kwa majina. Mgeni hajui, na familia iliyohamia pale jana kutoka Masisi pia haijui. Mgeni anapewa mtu wa kumwongoza. Familia ile ya Masisi inapewa nini? Ingekuwa kazi ndogo sana kuweka alama za mawe zilizopakwa rangi na kutangaza redioni, kwa Kiswahili na Kihavu, wapi watoto wasichezee.

Idjwi wana uchungu wao zaidi kuhusu ziwa. Kwa miaka mingi wanaume walivusha kahawa usiku kwenda Rwanda ndani ya mitumbwi midogo, kwa sababu upande wetu hakukuwa na bei nzuri. Upepo wa usiku wa Kivu hauna huruma. Wengi hawakurudi, na kisiwa kikabaki na wajane wa kahawa. Wajane hao, wakipewa bandari nzuri na mashua ya kweli, wanaweza kumkaribisha mgeni na kumpikia kahawa yao wenyewe nyumbani kwao. Hiyo ingekuwa starehe ya kisiwani ambayo mtu hapati hoteli kubwa. Lakini mgeni atafikaje? Kwa mashua ile ile inayomleta muuguzi na dawa, na kumpeleka mama mjamzito Bukavu au Goma. Kumwekea mtalii mashua yake ya mwendo wa kasi na kumwachia mama mjamzito ile ya kuvuja, watu wataona, na hawatasahau.

Sharti basi liandikwe mapema, na mamlaka yoyote iliyopo iliheshimu. Atakayetaka kuweka mahema au hoteli kwenye kisiwa chochote cha Kivu aonyeshe kwanza gati ambayo mashua ya watu wote inatia nanga. Malipo ya mgeni kushuka kisiwani yawe na sehemu inayonunua jile kwa ajili ya mashua za abiria, na hesabu yake isomwe redioni kila mwezi, ili sauti za bandarini ziseme kama jile hizo zimeonekana au hazikuonekana. Mstari wa rangi uchorwe ubavuni mwa kila mashua: maji yakigusa mstari, haiondoki, hata kama mwenye mzigo ni nani. Orodha ya abiria iachwe nakala bandarini kabla ya kamba kufunguliwa. Shirika la raia la Idjwi na la Kalehe, na kamati za waliohama, wawe na watu wao hapo wa kutazama.

Gharama ya jile moja inajulikana na kila mfanyabiashara wa Birere. Wenye mashua wanasema ni ghali, na abiria wengine wanazikataa kwa sababu zinanuka na zina joto. Hayo ni ya kweli. Mtalii naye anasikia joto, lakini mwenye kumpeleka hamruhusu kuingia majini bila kuvaa. Kituku haijapata mtu wa kukataa hivyo kwa niaba ya mama wa sambaza, na mashua ya asubuhi imeshaanza kupakia.