Herufi za Kigothi Zisitufiche Majina

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alinijia ofisini akiwa na cheti mkononi. Jina lake limejaa herufi m, n, u na i, na chuo kilichompa cheti hicho kililichapa kwa herufi za Kigothi, zile nyeusi, nene, zenye ncha kali. Karani aliyelinakili katika orodha ya waombaji kazi aliisoma n kuwa u. Jina la orodhani likahitilafiana na la kitambulisho. Hadi alipokwisha kuapa mbele ya wakili kwamba yeye ndiye yeye, nafasi ilikuwa imekwenda.

Sizichukii herufi hizi. Ndizo alizotumia Johannes Gutenberg mjini Mainz, Ujerumani, kuchapa Biblia yake iliyokamilika yapata mwaka 1455. Aliziiga kutoka kwa wanakili wa Ulaya, waliozibana ili wasipoteze ngozi ya kuandikia, ambayo ilikuwa ghali. Jina "Kigothi" lilibandikwa baadaye kwa dharau na wasomi wa Italia. Wagothi wenyewe hawakuzibuni.

Huenda msomaji akauliza: mbona Wajerumani walizisoma kwa karne nyingi? Naam, walizisoma vitabuni na magazetini hadi 1941, serikali ya Hitler ilipozipiga marufuku kwa madai ya uongo kwamba ni za Kiyahudi. Lakini Mjerumani wa enzi hizo alizizoea tangu utotoni. Sisi twakutana nazo kwenye vyeti na kadi za harusi tu.

Isitoshe, Kiswahili kina tatizo lake. Katika mwandiko huu, herufi i ni mstari mmoja uliosimama, n na u ni miwili miwili, na m ni mitatu, yote ikifanana. Hata wanakili wa kale iliwabidi waitie i alama kichwani isipotee miongoni mwa wenzake. Sasa hebu tulitazame neno "mnunuzi". Kabla jicho halijaifikia z, limekwisha kupita mistari 11 iliyopangana mfano wa ua wa miti! Na lugha yetu imesheheni herufi hizo: viambishi m-, u-, ni- na na- havikosekani katika sentensi zetu.

Siku hizi kila shule yenye kompyuta yaweza kujichapia vyeti vya siku ya zawadi. Nawasihi walimu wenzangu: herufi za Kigothi ziwe za kichwa cha cheti, maneno mawili matatu, tena makubwa. Zisitumiwe kwa herufi kubwa tupu, kwani hapo hata mjuzi hukwama. Jina la mwanafunzi liandikwe kwa herufi za kawaida.

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Cheti hutolewa ili kimtambulishe mwenyewe. Kikishindwa kulitaja jina lake waziwazi, mapambo yake yatamfaa nini?