Uji wa Usiku Unamlaza Nani?

Huku Moshono, Arusha, kichanga akiamka mara tatu usiku, hukumu hutolewa kabla hakujakucha: hashibi. Bibi atasema hivyo, mama mkwe atasema, hata jirani aliyepita kuazima ungo. "Maziwa yako mepesi, mwanangu. Mpikie uji kidogo uone atakavyolala." Mtoto wa miezi miwili, mitatu, anakorogewa unga kwenye maziwa ya ng'ombe. Akilala fofofo usiku huo, kesi imekwisha. Akiamka tena kesho yake, unaongezwa unga.

Imani hii ni ya uongo, tena inaumiza wawili: mtoto anayebebeshwa chakula kabla ya wakati, na mama anayeaminishwa kuwa mwili wake umeshindwa kazi.

Tuanze na usingizi wenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa chini ya miezi 4 alale saa 14 hadi 17 kwa siku, na wa miezi 4 hadi 11 alale saa 12 hadi 16, usingizi wa mchana ukiwamo. Hakuna palipoandikwa kwamba saa hizo zilalwe kwa mkupuo. Kichanga hajui usiku ni nini. Melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa giza limeingia, huchukua kama miezi mitatu kukaa kwenye mpangilio. Tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama husagika upesi. Kuamka ndiko kulala kwake.

Halafu kuna jambo linaloniudhi zaidi. Prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, hupanda usiku. Mtoto anyonyapo usiku, anaagiza maziwa ya kesho. Ukimshibisha uji asinyonye, maziwa yatapungua kweli, na bibi atasema, "Si nilikwambia?"

Na je, uji unalaza? Uingereza walipima. Utafiti uliochapishwa 2018 ulifuatilia watoto zaidi ya 1,300, baadhi wakianzishiwa chakula tangu miezi mitatu. Naam, hao walilala zaidi ya wenzao: tofauti ilipokuwa kubwa kabisa, ni kama dakika 16 kwa usiku. Dakika 16! Kuupika uji na kuupooza tu kunazimaliza. Na huku kwetu chupa isiyochemshwa vizuri inaleta kuhara, na mwenye mtoto anayehara hana usiku wala mchana.

Mtoto mwenye njaa ya kweli yupo. Huyo hujulikana kwa kadi ya kliniki, uzito usipopanda, na kwa nepi zinazokaa kavu. Mpeleke kituo cha afya akapimwe, na mama aangaliwe anavyomweka titini. Kilio cha saa tisa usiku peke yake hakithibitishi kitu.

Akina bibi siwalaumu sana. Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, huku kliniki ikimwambia anyonyeshe bila kitu kingine kwa miezi sita. Hesabu hiyo haikubali. Sheria hiyohiyo inamruhusu anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi, lakini mwulize anayechuma maua kwenye mashamba ya Arumeru kama alishawahi kuziomba. Anayeuza nyanya kwenye soko la Kilombero, Arusha, hana hata hizo 84. Anatakiwa kuamka saa kumi na moja alfajiri, na mtoto amemkeshesha. Uji ule anapikiwa mtoto ili mama alale. Tuseme hivyo basi, tuache kuyasingizia maziwa.

Maana tukisema hivyo, swali linamgeukia baba. Yeye hana titi, lakini ana mikono: baada ya kunyonya amchukue mtoto, amcheulishe, ambadilishe nepi, ambembeleze mpaka alale, na asubuhi azifue nepi mwenyewe. Najua, mwezi Julai baridi ya Mlima Meru ikishuka, blanketi haliachiki. Atoke tu; mkewe keshatoka mara tatu.